Shaba yako si ya wizi? Basi acha kuichoma

Kuna ushauri unaozunguka kwa mafundi wa stima, vijana wa mkokoteni na hata wenye nyumba wanaofanya ukarabati: "Choma nyaya kwanza ganda liishe, shaba ibaki tupu, ndipo upate bei." Kisha mtu huyo huyo analeta gunia jeusi linalonuka plastiki, anaulizwa maswali mawili, na anakuja juu kwamba amefanywa mwizi. Mimi hununua vyuma chakavu, na kulijibu hili mizanini kila siku kumenichosha. Naliandika mara moja, asomaye asome.

Tuanze na bei, maana huko ndiko roho zenu ziliko. Shaba iliyochomwa hailipwi kama shaba safi. Moto unaacha majivu, masizi na ngozi ya oksidi, na ganda la plastiki ya PVC likiungua linatoa gesi ya asidi inayotafuna uso wa waya. Nyuzi nyembamba zinakuwa kavu hadi zinakatika mkononi. Daraja la juu kabisa la shaba katika biashara ya dunia ni waya mtupu unaong'aa, usiochomwa, usiopakwa bati, na usio mwembamba kuliko milimita 1.3 hivi. Waya wa taa wa 1.5 (yaani milimita za mraba 1.5), ule wa uzi mmoja, una kipenyo cha karibu milimita 1.4. Ukiupasua ganda kwa kisu unaingia daraja hilo bila kubembeleza mtu. Ukiuchoma unateremka. Yaani umenunua mafuta ya taa, umevuta moshi wenye sumu ya dioksini, umewakera majirani, na malipo yake ni kushushwa daraja.

Lakini bei si jambo linaloniudhi. Linaloniudhi ni hili la kushukiwa, kwa sababu hapo watu hawaelewi mnunuzi anatazama nini. Wanadhani tunatazama viatu vyao. Tunatazama chuma.

Waya una asili, na asili yake inaonekana. Waya uliong'olewa kwenye nyumba ni vipande vifupi vya rangi mchanganyiko: nyekundu, nyeusi, kijani chenye mstari wa njano, au kahawia na buluu kwa nyumba mpya. Una vumbi la plasta, ncha zake zina alama ya skrubu ya soketi, na mahali pengine umekunjwa kona ya boksi. Waya wa mota umepakwa vanishi, una wekundu wa giza, na umekatwa kwa tindo ukabaki na umbo la kiatu cha farasi. Bomba la friji lina madoa ya kulehemu. Kebo ya simu ni jozi nyingi nyembamba za rangi zilizosokotwa pamoja, na hiyo ukiniletea mita nyingi nitataka kujua umeitoa wapi, kwa sababu nyumbani kwa mtu haipo. Sasa chukua vyote hivi uvitie motoni. Vinatoka vikiwa kitu kimoja cheusi. Waya halali wa nyumba yako na waya uliovunwa usiku kwenye transfoma ya mtaa vimekuwa ndugu. Wewe ndiye umewaunganisha, halafu unaniuliza mbona nakutilia shaka.

Na hapa kuna ujinga wa upande wa pili, wa wale wanaodhani kila aliyebeba nyaya ameangusha laini ya shirika la umeme la Kenya Power. Nyaya nyingi za juu mnazoziona kwenye nguzo si shaba. Ni alumini, na zile za laini kubwa zina moyo wa chuma kilichopakwa zinki katikati ili zisilegee. Ukitaka kujua, weka sumaku kwenye ncha: inashika moyo, haishiki nyuzi za nje. Kwa hivyo mtu mwenye shaba nyekundu ya 2.5 ndani ya ganda hajaiba laini. Anayeleta alumini tupu iliyosokotwa, nene, yenye chuma katikati, bila barua ya mkandarasi, huyo ndiye wa kurudishwa na mzigo wake. Shaba ya umeme wa umma huibwa zaidi ndani ya transfoma na kwenye waya wa ardhi. Askari wengi hawajui tofauti hii, na baadhi ya wanunuzi pia, ndiyo maana kijana mwenye kilo tatu za waya wa nyumba anasumbuliwa huku lori la vyuma vya pembe vilivyokatwa likipita salama. Vyuma vya pembe vya minara ya umeme vimepakwa zinki, vina matundu ya bolti yaliyopangwa kwa vipimo, na vimegongwa namba ya kipande. Havifanani na geti la mtu yeyote.

Halafu kuna uzito, na hapa ndipo waongo wengi hukwama. Mita 100 za waya wa 1.5 zina shaba ya kilo 1.34. Mita 100 za 2.5 zina kilo 2.24. Si siri, ni eneo la mkato wa waya mara urefu wake mara uzito wa shaba, yaani gramu 8.96 kwa kila sentimita ya ujazo. Ukisema kilo 40 zimetoka kwenye nyumba ya vyumba viwili uliyobadilisha waya, unaniambia ulitoa karibu kilomita 1.8 za 2.5. Nyumba hiyo ina kuta ngapi? Fundi mkweli hana haja ya kuogopa hesabu hii, maana inamtetea: nyumba moja, kilo chache, rangi mchanganyiko, mambo yameisha.

Sheria nazipitia haraka. Kenya ina Sheria ya Vyuma Chakavu ya 2015: kufanya biashara hii kunataka leseni, na mwenye leseni anatakiwa kuweka kumbukumbu. Januari 2022, baada ya minara ya laini ya Kiambere–Embakasi kuanguka na nchi kukosa stima, Rais Uhuru Kenyatta alipiga marufuku biashara yote ya vyuma chakavu, na ilifunguliwa tena Mei. Kisha kuna kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu: anayepokea mali ya wizi akijua, au akiwa na sababu ya kuamini kuwa ni ya wizi, anaweza kufungwa hadi miaka 14. Yasome tena yale maneno "sababu ya kuamini". Gunia la shaba nyeusi isiyo na asili ni sababu. Ninapokuuliza ni shingo yangu ninayoilinda.

Kwa hivyo njoo na nini? Kitambulisho halisi, si picha kwenye simu yenye kioo kilichopasuka. Kama ni kazi ya ukarabati, karatasi ya kazi au ujumbe wa mwenye nyumba, pamoja na picha mbili tatu za nyaya zikiwa bado ukutani. Kama ni gari, logbuku na namba ya chesisi isiyosuguliwa. Kama ni mali ya shule, kanisa au ofisi ya serikali, barua ya kuuza au stakabadhi ya mnada. Fremu za madawati bila barua sizishiki. Omba ulipwe kwa M-Pesa hata kama unapenda noti, kwa sababu ile meseji ina tarehe, kiasi na majina. Mifuniko ya mashimo ya maji taka, mita za maji, vipande vya reli, alama za barabarani na mitungi ya gesi usilete kabisa. Mtungi wa gesi una mwenyewe aliyeandikwa ubavuni, na isitoshe unaweza kulipuka ukikatwa. Betri ni habari nyingine, ina masharti ya mamlaka ya mazingira, NEMA.

Na barua ya chifu! Inasema unaishi kijiji fulani na una tabia njema. Haisemi chochote kuhusu shaba. Iweke kwa kazi zake.

Sasa niseme na yale yasiyopendeza. Kitabu changu kinaonyesha nani aliniuzia, hakionyeshi yeye alitoa wapi. Mwizi mwenye kitambulisho na hadithi nzuri anaandikwa sawasawa na fundi. Shaba ikifika tanuru, kwa nyuzi 1,085 inakuwa maji na hakuna atakayeitambua tena. Wala sina hakika kwamba ukali huu wote unawapata wanaoangusha minara. Naona unamsukuma kijana wa mkokoteni, anayeokota vikopo, misumari na kipande cha rejeta kutoka sehemu ishirini, kwenda kwa mnunuzi asiyeuliza. Huyo kijana hana karatasi ya kila kipande na hatakuwa nayo. Mimi hutenganisha: vyuma vya kawaida na mabati namwandika jina na uzito basi, ila shaba, brasi na alumini nene lazima aeleze. Siwezi kuapa kwamba mstari huo nimeuchora mahali sahihi.

Kama tayari umezichoma, usizichanganye na safi ukidhani zitapita chini ya gunia. Tutamwaga gunia lote. Zipakie peke yake, sema wazi kuwa umechoma, na leta masalia yoyote yenye ganda kutoka kazi hiyo hiyo, hata kiganja kimoja, pamoja na picha za ukutani kama unazo. Nyaya nyembamba za chaja na redio usihangaike kuzimenya: zilete na koti lake, zinapimwa kando kwa bei yake. Zile nene pasua kwa kisu kwa urefu, ukivuta kisu kuelekea mbali na mkono ulioshika waya.