Tamthilia za Kikorea: Kuitafsiri kwa Kiswahili Hakuifanyi Iwe Yako

Hapana. Ukichukua tamthilia ya Kikorea ukaiwekea sauti yako ya Kiswahili haiwi mali yako, na hata ukiandika pale chini ati "haki zote ni za wenyewe" bado hakuna aliyekupa ruhusa. Nimeanza na jibu kwa sababu sisi tunaofanya kazi ya hakimiliki hapa Kenya tunaulizwa kila mara kama tafsiri ya Kiswahili inakufanya uwe mwenye tamthilia, na malalamiko nayo yanazidi, mengine ya wenye maduka ya muvi, mengine ya vijana wanaotafsiri, hata kuna wanaokuja kulia kwamba tafsiri yao imeibiwa na mwenzao kumbe wao wenyewe waliifanya bila kumuuliza mwenye kazi. Wengi hawana nia mbaya, wanapenda hizi hadithi na wanataka mama na nyanya nyumbani wazielewe pia. Hilo nalielewa kabisa.

Kilichobadilika ni jinsi zinavyopatikana. Netflix iliingia Kenya na Korea Kusini siku moja, tarehe 6 Januari 2016, ilipofunguliwa kwa nchi zaidi ya 100 kwa mpigo. Tamthilia ya Kikorea Squid Game ikatoka tarehe 17 Septemba 2021, na mwezi huohuo Netflix ikaanzisha mpango wa bure wa simu za Android hapa kwetu, mpango ambao ulifungwa Novemba 2023. Kwa hivyo kwa miaka miwili hivi mtu mwenye simu na bando aliweza kuonja tamthilia za Kikorea bila kulipa, halafu mlango ukafungwa wakati Netflix yenyewe ilishatangaza, Aprili 2023, kwamba itatia dola bilioni 2.5 kwenye kazi za Kikorea kwa miaka minne. Hamu ilibaki, bure ikaisha, na kwa maoni yangu hapo ndipo wengi walihamia kwa flashi na chaneli za Telegram.

Sasa tuelewane kuhusu ruhusa, kwa sababu hapa ndipo watu wanachanganya mambo na nimechoka kusikia "lakini mimi nalipia Netflix". Unacholipia ni kutazama, wewe na watu wa nyumbani kwako. Haki za tamthilia moja huwa zinakatwa vipande vipande: kuonyesha kwenye runinga, kusambaza mtandaoni, nchi gani, kwa muda gani, lugha gani, na muziki uliomo ndani mara nyingi una wenyewe wengine kabisa. Angalia Crash Landing on You, ilitengenezwa na Studio Dragon, ikaonyeshwa Korea na kituo cha tvN kuanzia Desemba 2019 hadi Februari 2020, na huku nje tukaipata kupitia Netflix. Hao wote wana mikataba kati yao. Haki ya kutafsiri ni kipande kimoja hapo ndani, na hakikuletwa kwako kwa sababu tu unajua Kiswahili kizuri.

Kuna watu hunijibu mbona kule Viki, jukwaa la kutazama tamthilia mtandaoni, mashabiki wanaandika subtaitoli kwa kujitolea. Ni kweli, na ni mfano mzuri sana, ila uangalieni wote. Viki ilianzishwa 2007 na kampuni ya Rakuten ikainunua 2013, na wale mashabiki wanatafsiri ndani ya jukwaa ambalo limeshalipia leseni ya ile tamthilia. Kujitolea kwao si tatizo kwa sababu ruhusa ilitangulia. Wewe ukipakua, ukatia sauti yako, ukapandisha kwa chaneli yako, ruhusa haijatangulia, na haifuati nyuma hata ukipata wafuasi laki moja.

Halafu hii ya "Wakorea wako mbali". Kenya iko ndani ya Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa kulinda hakimiliki, tangu 1993 na Korea Kusini tangu 1996, maana yake kazi ya kule inalindwa hapa kama vile ya Mkenya, bila kusajiliwa popote. Kwa sheria yetu kazi ya picha na sauti inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka ilipotolewa, kwa hivyo hata Jewel in the Palace ya 2003, ambayo wengine wananiambia "hiyo ni ya zamani", bado inalindwa hapa angalau hadi mwisho wa 2053.

Adhabu sasa. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 38, inataja makosa tofauti tofauti na naomba msiyachanganye: kutengeneza nakala haramu za kuuza ama kukodisha, kuziuza, kuzisambaza, kuwa nazo kwa matumizi yasiyo ya nyumbani kwako, kuziingiza nchini, na kuwa na kifaa cha kuzitengenezea. Kwa aliyetengeneza, aliyesambaza ama aliyekutwa na kifaa, ni faini isiyozidi shilingi 400,000 ama kifungo kisichozidi miaka 10, ama vyote viwili, na adhabu hiyohiyo inamhusu anayeonyesha hadharani kazi ya mtu bila ruhusa, awe ana ukumbi wa video, hoteli ama saluni. Watu wa saluni nawaomba mnisikie hapo, akaunti ya nyumbani si ya kuburudisha wateja. Pia kuna kipengele ambacho karibu kila mtu hushtuka nikimwambia: ukikutwa na nakala haramu mbili au zaidi za kazi ileile kwa umbo lilelile, sheria inachukulia kwamba si za matumizi ya nyumbani mpaka wewe uthibitishe vingine. Uthibitisho ni wako.

Na kifaa ni kifaa. Haya maduka ya muvi mengi ni saiba pia, kompyuta moja ina folda imeandikwa KOREA imejaa tamthilia, na folda ya pili ina barua za kuomba kazi za wateja, fomu za kodi za KRA, na insha ya mwanafunzi inayotakiwa kesho. Mteja anatoa flashi, anachagua, anajaziwa, analipa, anaondoka. Mkaguzi akija kwa mujibu wa sheria ile kompyuta nzima inaweza kubebwa kama kielelezo, na zile kazi za wateja zinaenda nayo. Mkaguzi lazima awe na cheti chake, una haki ya kuomba kukiona, kiombe kwa heshima na ukisome. Usimpe mtu pesa mkononi ati ya "kumaliza maneno", faini hutozwa na mahakama.

Kuhusu leseni, tafadhali. Kibali cha biashara cha kaunti ni cha kufungua duka. Leseni ya Bodi ya Uainishaji wa Filamu, KFCB, ni ya kusambaza ama kuonyesha filamu zilizoainishwa. Ruhusa ya mwenye hakimiliki ni kitu cha tatu. Hakuna hata moja kati ya hizo inayosimama badala ya nyingine, na mtu kuniwekea kibali cha kaunti mezani ati ndio ushahidi wake wa hakimiliki, hapana jamani, hapana. Wazazi nao waangalie alama za KFCB, yaani GE (ya watu wote), PG (mzazi aongoze), 16 na 18, maana muvi ya kwa flashi haina alama yoyote na Squid Game hata huko Korea kwenyewe ilitolewa kwa watu wazima tu.

Kama wewe ndiye mwenye kazi na umeikuta mtandaoni, kuna notisi ya kuondolewa iliyoingizwa na marekebisho ya Sheria ya Hakimiliki ya 2019. Inaandikwa na kusainiwa, ina jina lako kamili na anwani, inaeleza kazi yako na haki yako, inataja kiungo chenyewe cha kuondolewa, na inaambatana na kiapo kwamba wewe ni mwenyewe na kwamba ulishaomba iondolewe kwa nia njema ikashindikana. Mtoa huduma wa mtandao akishapata notisi halali ana saa 48 za kazi kuifunga, isipokuwa apate notisi ya kupinga. Ukitoa ya uongo ni faini isiyozidi shilingi 500,000 ama hadi miaka mitano, kwa hivyo msizitumie kukomoana kwenye mashindano ya chaneli.

Anayetazama tu nyumbani kwake asiingiwe na hofu, si yeye ninayemwandikia. Kuna njia halali za bure pia, kwa mfano chaneli rasmi ya KBS World kule YouTube huweka tamthilia nzima zenye subtaitoli za Kiingereza, ingawa si kila moja inafunguka kila nchi.

Vijana wa kutafsiri ndio hasa nataka wafike mbali, kwa sababu sauti zenu ni nzuri na Kiswahili kwenye hizi kazi kinahitajika kweli. Mwandikieni mwenye haki, msimamizi wa kituo ama studio, mkitaja tamthilia ipi, lugha, nchi, na itaonyeshwa wapi. Leseni ya kipekee lazima iwe kwa maandishi na iwe imesainiwa, na ukihamishiwa haki yenyewe kutoka nje ya Kenya sheria inataka pia barua ya uthibitisho kutoka mamlaka husika ya nchi hiyo, ambayo kwa Korea ni Tume ya Hakimiliki ya Korea. Barua hiyo ombeni mapema, kabla ya kukodi studio, kisha mje nayo KECOBO, yaani Bodi ya Hakimiliki ya Kenya, pamoja na mkataba wenyewe.