Stendi ya drams inayumba? Usikimbilie kukaza

Wapiga drams wengi wa kwaya hapa Mwanza wanaamini stendi ya zamani ikilegea dawa ni kuibana na plaizi mpaka iseme. Hapana jamani! Vishikizo vingi vya zamani, vile vinavyobana bomba la stendi, ni aloi laini ya kumwaga (metali iliyoyeyushwa ikamiminwa kwenye kalibu), ukikaza kupita kiasi vinapasuka au thredi (ile mikunjo ya boliti na nati) zinakatika, na spea yake hata uzunguke mtaa wote wa Makoroboi huipati kirahisi.

Fungua kwanza, sugua kutu, angalia thredi za ile nati ya mabawa, halafu kama ndani kuna bushi, yaani kipete cha plastiki kinachobana bomba, itoe uione, ikiwa imelika au imepasuka basi bomba litazunguka tu hata ukaze vipi, chongesha nyingine ya nailoni. Na drams za zamani za Marekani zina thredi za inchi, usilazimishe boliti ya milimita!