Wimbo wa kilio haurekodiwi kwa kilio

"Produsa, zima taa, nataka nilie nikiimba." Nikiisikia tena hii, nafunga studio. Na mara nyingi anayeisema ana kichupa mkobani, na shahidi wake ni mmoja: George Jones, mwimbaji wa kantri wa Marekani. Eti "He Stopped Loving Her Today", wimbo wa mwanamume anayempenda mwanamke aliyemwacha hadi anakufa, aliuimba amelewa, moyo umepasuka, mara moja tu, kazi ikaisha.

Mara moja? Kwa maelezo ya Jones mwenyewe, kutoka mstari wa kwanza hadi wa mwisho ilipita kama miezi 18. Pombe ilikuwepo, tena tele, na ndiyo iliyokwamisha kazi. Kuimba amelewa aliweza. Kusema hakuweza, ulimi ulimlemea. Na wimbo ule una mistari minne ya kusemwa tu, pale mwanamke anapofika kumuaga marehemu. Mistari minne! Hata mahadhi alikuwa akiyakosea, akiingiza ya wimbo mwingine, "Help Me Make It Through the Night". Produsa wake, Billy Sherrill, hakumtafutia uchungu zaidi. Alirudia, akasubiri, akarudia.

Ukilia kweli, koo linabana na pumzi inakatika katikati ya neno. Kile kilio cha Jones ni ufundi: anaingia chini kidogo ya noti, anaipandisha polepole, anaikunja irabu. Hayo ni mazoezi. Kwa hiyo kunywa maji, lala, na yasome maneno kwa sauti kabla sijakuwashia maikrofoni. Nimeshasema.

"Lakini ni kisa chake na mkewe, mwimbaji Tammy Wynette." Waliachana 1975, sawa. Ila watunzi ni Bobby Braddock na Curly Putman, si Jones, na Jones aliona una huzuni kupita kiasi, nani ataununua? Ulitoka 1980, ukashika namba moja kwenye chati za kantri Marekani.

"Maneno yaliyotoka moyoni hayaguswi." Sherrill aliwarudisha watunzi wakayaandike upya, akitaka mwanamke aje mazishini. Kabla hajaja, yule mwanamume wa kwenye wimbo ana barua za 1962 kando ya kitanda, kila "nakupenda" amelipigia mstari mwekundu. Inauma, ila hadithi bado inaning'inia.

Na wanaoniambia waitikiaji ni mapambo, wasikilize mistari ile minne. Jones anaongea tu, kwa utulivu kabisa. Anayelia ni sauti ya mwanamke nyuma yake, juu sana, bila neno hata moja.