Ndege haiachwi nyuma na mzunguko wa dunia

Wengi huamini kuwa ndege inayokwenda magharibi hufika upesi, eti kwa kuwa dunia huzunguka kuelekea mashariki, basi uwanja wa mwisho unaijia ndege. Si kweli. Tazama safari ya moja kwa moja kati ya Nairobi na New York: umbali ni kama kilomita 11,800, lakini kwenda huchukua takriban saa 15 na kurudi kama 14.

Hewa huzunguka pamoja na dunia. Karibu na ikweta ardhi hukimbia kilomita 1,670 hivi kwa saa, na ndege iliyoegeshwa JKIA, uwanja wa ndege wa Nairobi, tayari ina mwendo huo, haiupotezi inapopaa. Kinacholeta tofauti ni upepo. Kaskazini mwa dunia, kwenye kimo cha kilomita 10 hivi, hupita mkondo mkali unaovuma kutoka magharibi, ambao huweza kuzidi kilomita 200 kwa saa. Februari 2020, wakati wa dhoruba Ciara, ndege ya British Airways ilitoka New York ikafika London kwa saa 4 na dakika 56, safari ambayo kwa kawaida huzidi saa 6.

Tiketi nayo huwachanganya watu. Majira ya baridi ya New York, ukiondoka Nairobi saa tano usiku na kutua New York saa kumi na mbili asubuhi, utahesabu saa 7 tu. Lakini New York iko nyuma kwa saa 8. Jumla ni 15. Kama unameza dawa kila baada ya saa 12, hesabu saa ulizokaa safarini, si zile za kwenye tiketi.