Je, wajua? Namna ya kutofautisha pawa na kaunta kwenye futiboli ya Marekani

Kwa macho mapya, kila mchezo wa kukimbia na mpira kwenye futiboli ya Marekani ni rundo la watu wazito wanaogongana. Lakini pawa na kaunta, michezo miwili ya aina hiyo, huwachanganya hata wazoefu.

Wengi hukwambia kaunta ni pale mkimbiaji anapopiga hatua ya uongo upande mmoja, kisha anageukia wa pili. Hatua hiyo mara nyingi ipo, ila si hiyo inayoifanya kaunta kuwa kaunta. Zipo timu zinazoicheza bila hadaa yoyote, hasa kotabeki, anayepokea mpira mwanzoni mwa mchezo, akiwa amesimama mbali na senta, yule wa katikati ya mstari anayempa mpira huo. Kwenye pawa nako mkimbiaji anaweza kujichelewesha kidogo ili wenzake wamtangulie. Ukimkodolea macho mwenye mpira, utapotea.

Watazame magadi, wale wawili wanaosimama ubavuni mwa senta. Tuseme mpira unakwenda kulia. Katika michezo yote miwili, watu wa mstari wa mbele walio kulia huwasukuma walinzi kuelekea katikati, na gadi wa kushoto huchomoka na kupita nyuma ya wenzake akikimbilia kulia. Hadi hapo ni mapacha.

Sasa upenyo atakaopita mwenye mpira uchukulie kama mlango: mmoja anaushikilia usifunge, mwingine anatangulia kuingia. Katika pawa, anayeushikilia ni fulibeki, mchezaji anayesimama nyuma ya mstari na kumfungulia njia mkimbiaji. Anamgonga mlinzi wa mwisho kulia na kumsukuma nje, kisha gadi anakata kona kuingia kwenye upenyo huo na kwenda kumvaa lainibeka, mlinzi anayesimama nyuma ya mstari wa mbele wa walinzi. Katika kaunta, gadi mwenyewe ndiye anayemgonga mlinzi wa mwisho. Anayetangulia kuingia ni mtu mwingine aliyechomoka nyuma yake, kwa kawaida yule aliyepangwa kushoto kwake kwenye mstari.

Kwa hiyo mfuate gadi anayehama: akigonga mtu kumtoa nje, ni kaunta, akikunja kuingia ndani, ni pawa. Inapendeza sana kuona jambo dogo hivyo likifumbua mchezo mzima.

Kaunta ina gharama yake. Watu wawili wakihama kutoka kushoto, nyuma yao hubaki pengo, na mlinzi mwepesi anaweza kumkimbiza mwenye mpira kwa nyuma. Ndiyo maana baadhi ya makocha humwacha yule aliye kushoto kwa gadi mahali pake na kumtuma taitiendi, mchezaji wa ukingoni mwa mstari anayeweza pia kudaka mpira, badala yake. Majina nayo hubadilika kutoka kocha hadi kocha, lakini mgawanyo wa kazi haubadiliki.

Timu ya Washington ya kocha Joe Gibbs ndiyo iliyoipa kaunta sifa kubwa miaka ya 1980. Kwenye Super Bowl, fainali ya ligi ya NFL, ya Januari 1988 dhidi ya Denver, mkimbiaji wao Timmy Smith alipata yadi 204, rekodi ya fainali hiyo ambayo bado haijavunjwa.