Kanisa dogo la Kisiwa cha Msumbiji si la kwanza Afrika

Ujumbe unaozunguka kwenye magrupu unadai kuwa kanisa dogo la Nossa Senhora do Baluarte, pale ncha ya kaskazini ya Kisiwa cha Msumbiji, ndilo kanisa la kwanza kujengwa Afrika. Si kweli.

Wareno walilijenga mwaka 1522. Ethiopia ilipokea Ukristo karne ya 4, na makanisa ya Lalibela yaliyochongwa kwenye mwamba yanahesabiwa kuwa ya karne ya 12 na 13. Linganisha tarehe hizo tu, utaona.

Mkanganyiko unaeleweka. Kanisa hili hutajwa kuwa jengo kongwe zaidi la Wazungu katika nusu ya kusini ya dunia. Watu wakifupisha, "la Wazungu" na "nusu ya kusini" hudondoka njiani, na Ethiopia, iliyo kaskazini mwa ikweta, inasahaulika kabisa. Inasikitisha, maana sifa halisi ya kanisa hili dogo inatosha: ukiingia, inua macho uone mbavu za mawe zikikutana darini, mtindo wa Manueline wa Ureno ya enzi hizo.

Tafadhali, ukiupata ujumbe huo usiusambaze. Mjibu aliyeutuma kwa tarehe hizi.