Choo cha Jirani, Maji ya Kwako: Maswali na Majibu

Choo changu kinahusianaje na afya ya jamii nzima?

Choo kina mwenyewe, lakini kinachotoka humo hakina mpaka. Dar es Salaam watu wana neno lao: kutapisha. Mvua ya masika ikichapa usiku, mwenye nyumba anatoboa ukuta wa shimo lililojaa, kinyesi kinasombwa na maji hadi mtaroni. Asubuhi choo kina nafasi na hakuna hela iliyotoka kulipia gari la majitaka. Gharama imehamia bondeni: kwenye kisima kifupi wanachochota watu wa chini, kwenye uwanja wanakochezea watoto, kwenye sufuria zinazooshewa nje na mama lishe.

Mwezi Agosti 2015 kipindupindu kilianza Dar es Salaam kikaenea karibu mikoa yote ya Bara na Zanzibar, na mlipuko ule uliendelea kwa zaidi ya miaka miwili. Ugonjwa wa namna hiyo huua, na wanaopona nao hubaki na hasara: mauzo yamesimama, mtoto amekosa masomo, akiba ya kikoba imeishia kwenye nauli na dawa. Mtaa unaougua kila masika hauwezi kupanga mambo ya mwaka unaofuata. Kwa hiyo tunapozungumzia maendeleo yanayodumu, tunaanzia hapa, kwenye shimo na ndoo.

Maji ya kunywa nichemshe au niweke dawa?

Yote mawili yanafaa, ila hayafanani.

Kuchemsha huua karibu kila kijidudu kinachoharisha. Subiri maji yatokote kwa mapovu makubwa, kisha hesabu dakika 1. Kwenye nyanda zilizo juu ya mita 2,000, kama sehemu za Makete au Kinangop, hesabu dakika 3, kwa sababu huko maji hutokota yakiwa na joto dogo zaidi. Hakuna haja ya kuyaacha jikoni robo saa. Hapo unachoma mkaa bure, na mkaa wa Dar es Salaam unatoka kwenye misitu ya miombo ya Pwani na Morogoro, misitu ileile inayotunza vyanzo vya maji.

Dawa ya klorini ni nafuu na haihitaji kuni. Kidonge cha miligramu 67 hutosha lita 20 za maji meupe, yaani ndoo kubwa moja au dumu moja la kawaida. Kuna vidonge vya ukubwa mwingine pia, hivyo soma pakiti kwanza. Koroga, funika, subiri dakika 30. Faida yake kubwa ni kwamba klorini kidogo hubaki ndani ya maji ikiendelea kuyalinda. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi huo: mkono mchafu ukiingia, yamechafuka upya. Kasoro ya klorini ni kuwa vipo vijidudu vichache vyenye ganda gumu ambavyo haiviwezi. Kwa mtoto mchanga aliyekwisha kuanza kunywa maji, au mtu mwenye kinga dhaifu, tunashauri kuchemsha.

Penye jua kali kuna njia ya tatu. Jaza maji meupe kwenye chupa za plastiki zinazopitisha mwanga, zisizozidi lita 2, uzilaze juu ya bati kwa saa 6. Kukiwa na mawingu, ziache siku 2 mfululizo.

Tunaweka dawa kila siku, mbona bado tunaharisha?

Mara nyingi tatizo ni mojawapo ya haya.

Maji yalikuwa na tope. Klorini hukimbilia uchafu kwanza na kuishia humo kabla haijafika kwa vijidudu. Yaache yatulie, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, ndipo uweke dawa. Yakibaki na ukungu, weka vidonge 2 badala ya 1.

Au hamkusubiri. Maji yakinywewa dakika tano baada ya kutia kidonge, kazi ilikuwa bado. Nusu saa ikipita maji yanapaswa kuwa na harufu hafifu ya dawa. Yasiponukia kabisa, dawa haikutosha au imechakaa, kwa maana klorini ya maji ikikaa juani au muda mrefu dukani hupoteza nguvu.

Sababu inayotusumbua kuliko zote ni kikombe. Maji yametibiwa vizuri, kisha watu sita wanachota kwa kikombe kimoja kinacholala juu ya kifuniko, na vidole vinagusa maji. Nunua ndoo yenye kifuniko na bomba chini, au mimina kutoka kwenye dumu lenye mdomo mwembamba ambao mkono hauingii. Kila wiki osha chombo hicho kwa sabuni, ukisugue hasa kwenye kona za chini, utelezi unakojificha.

Choo kichimbwe wapi, na kitajaa lini?

Kikae angalau mita 30 kutoka kisimani, na kiwe upande wa chini wa mteremko. Kitako cha shimo kisifikie maji ya ardhini; acha mita moja na nusu au zaidi ya udongo mkavu katikati. Pwani, kwenye maeneo ambayo maji yako karibu, usichimbe kina kirefu. Inua choo juu kwa tuta na matofali.

Kujaa kunahesabika. Kwenye shimo mtu mmoja huacha takribani lita 40 hadi 60 kwa mwaka, baada ya maji kunywea na kinyesi kuoza. Shimo la kipenyo cha mita 1 na kina cha mita 3, ukiacha nusu mita ya juu wazi, hubeba karibu lita 2,000. Kwa lita 60 kwa mtu, familia ya watu 6 italitumia miaka mitano na kitu. Nyumba ya wapangaji 15, miaka miwili tu. Ukitupa humo pampasi, taulo za kike na mifuko, muda huo unapungua sana, na gari la kunyonya litashindwa kazi kwa kuwa taka huziba mpira. Weka ndoo ya taka yenye kifuniko chooni.

Bomba la hewa liwe la inchi 6, lipite paa kwa nusu mita, na juu lifungwe wavu usioshika kutu. Upepo ukipita juu ya bomba huvuta hewa ya shimoni, harufu inatoka juu badala ya kuingia chumbani. Nzi walio shimoni hufuata mwanga wa bomba, wakanaswa kwenye wavu. Ndiyo maana ndani ya choo cha aina hii panatakiwa giza kidogo, na tundu lake halifunikwi. Wavu ukitoboka, bomba hilo linakuwa mlango wa nzi.

Kikijaa nifanyeje, kama si kutapisha?

Gari likifika, nyonya, na uhakikishe linakwenda kumwaga kwenye mabwawa ya majitaka. Gari lisipofika na eneo lipo, funga shimo kwa udongo mzito ukachimbe jingine. Juu ya lile la zamani panda mgomba au mpapai, hustawi sana. Usilifukue kabla ya miaka 2. Mayai ya minyoo ya tumbo ni sugu, huishi udongoni muda mrefu kuliko watu wanavyodhani, na mboga mbichi iliyotiwa mbolea ya kinyesi kibichi humrudishia mlaji minyoo hiyohiyo.

Hatuna bomba la kunawia.

Tengeneza kibuyu chirizi. Chukua dumu la lita 5, lipashie msumari moto, toboa tundu dogo sentimita 12 hivi chini ya mdomo, upande usio na mkono. Lining'inize kwenye fito kati ya nguzo mbili. Funga kamba shingoni mwa dumu, ncha ya pili kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga, dumu linainama na maji yanachirizika. Mkono haugusi kitu. Sabuni itoboe katikati uitundike kwa uzi. Weka kifaa hatua chache kutoka mlango wa choo, kwani kikiwa mbali watu watakipita.

Mgonjwa anaharisha majimaji kama maji ya mchele uliooshwa. Nianze na nini?

Anza kumpa maji ya chumvichumvi sasa hivi, nyumbani, na njiani mkienda zahanati. Pakiti moja ya ORS kwa lita 1 kamili ya maji salama. Ukiigawa kwenye glasi inakuwa na chumvi nyingi, jambo la hatari kwa mtoto. Pakiti hakuna? Vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vimesawazishwa, kwa lita 1. Baada ya saa 24 mwaga, tengeneza mengine.

Kila anapoharisha, mtoto wa chini ya miaka 2 apewe mililita 50 hadi 100. Wa miaka 2 hadi 10, mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri awezavyo. Akitapika, subiri dakika 10, uendelee kidogo kidogo kwa kijiko. Anayenyonya aendelee kunyonya. Macho yakizama, ngozi ya tumbo ukiifinya ikachelewa kurudi, au akilegea asiweze kunywa, anahitaji dripu, na kipindupindu kinaweza kuua ndani ya saa chache. Akitibiwa mapema, uwezekano wa kufa hushuka chini ya 1 kwa 100.

Matapishi na kinyesi vimwagie dawa ya kung'arisha nguo: sehemu 1 ya dawa yenye klorini ya asilimia 3.5 kwa sehemu 6 za maji, uache dakika 10 ndipo ufute. Usiichanganye na dawa nyingine ya chooni, hutoa hewa ya sumu.

Mtaa wetu uanzie wapi?

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya Watanzania wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio. Walisikiliza, wakajadili, kisha wakatoka kuchimba vyoo na kusafisha visima. Kazi ile ilifanyika kwa sababu kundi liliamua pamoja na kuonana likitenda.

Njia hiyo bado ipo mikononi mwa mjumbe na mhudumu wa afya wa jamii. Mwezi Februari, kabla masika hayajaanza, pitieni nyumba kwa nyumba mkiandika mambo mawili: choo kimebakiza kina gani, na maji yanachotwa wapi. Kijiti kirefu chenye alama kinatosha kupimia. Vilivyobakiza chini ya nusu mita vikusanywe pamoja, gari la majitaka liitwe siku moja kwa mtaa mzima, na kaya zigawane nauli yake.